Kompyuta Inayozimia Gari Likiwashwa

Habari ilitoka redioni asubuhi, sukari ikiwa haijayeyuka vikombeni: magari yanayoundwa siku hizi yana kompyuta ya kugusa kwa kidole. Inamwonyesha dereva njia, inamkumbusha mafuta, na akisinzia inamwamsha.

"Mke wangu anafanya yote hayo," akasema Kinyozi, "na hajafungwa waya hata mmoja."

Mwendopole hakucheka. Huyu ni dereva wa teksi, na jina hilo alilitolea jasho mwenyewe. Alikaa ukingoni mwa benchi akiitazama teksi yake, iliyoegeshwa mbele ya meza yangu ya chai. Juu ya redio yake ya zamani palikuwa na kioo cheusi, kipana kama sahani ya wageni, kimekazwa kwa skrubu nne, moja si ya ndugu zake.

"Mimi ninayo," akasema. "Tangu juzi."

"Inakuamsha?"

"Mimi ndiye ninayeiamsha."

Akamgeukia Volti, fundi redio, ambaye bisibisi haimtoki nyuma ya sikio hata akinywa chai.

"Juzi ulinifungia moja kwa moja kwenye betri ya gari. Ikakesha inakunywa. Asubuhi gari halitoi hata kikohozi."

"Hukuizima."

"Niizimie wapi? Kila nikiigusa inanikaribisha! Jana ukaihamishia kwenye swichi ya ufunguo. Sasa nikiwasha gari, inazimia. Dakika nne nzima abiria anatazama kioo cheusi, anajihesabu meno."

Volti akameza funda la chai bila haraka.

"Sikiliza, ndugu yangu. Stata, ile inayoamsha injini, ni shemeji mwenye njaa. Akikaa mezani anazoa sahani zote. Kompyuta ni binti wa adabu, akikosa tonge la kwanza anaanguka."

"Si kila mtu umpakulie chake?" akasema Kinyozi.

"Ndivyo wanavyofanya wenye akili. Unaweka betri ya pili, ya kompyuta peke yake."

"Mbona hukufanya hivyo juzi?"

"Juzi hapakuwa na kinyozi wa kunishauri."

"Tanianeni tu," akasema Mwendopole. "Matroni anakuja saa nne."

Hapo Volti akaweka kikombe chini. Matroni ndiye mkuu wa wauguzi wa hospitali, na alikuwa anatafuta dereva wa kupeleka chanjo zahanati za mbali, mwaka mzima. Dereva aliyetangulia alizishusha kwenye chuo cha ufundi, na walimu wakamtilia sahihi. Tangu siku hiyo Matroni ameapa: gari lisilo na ramani inayosema halipandi. Na Mwendopole alikuwa na wiki ya tatu hajapata abiria ila mama mkwe wake, naye akiwa na haraka hutembea.

Saa tatu na nusu ilikuwa imeshapita. Umeme wa mtaa ulikatika tangu alfajiri, na mashine ya kunyolea ya Kinyozi ilikuwa inaendeshwa na betri iliyo chini ya kiti chake. Macho yote yakamwendea.

"Hapana," akasema kabla hajaulizwa. "Nina kichwa ndani ya kibanda."

"Umefika wapi?"

"Nusu. Upande wa kulia nimemaliza, nikatoka kunywa chai."

"Unamwacha mtu nusu, unakuja kunywa chai?" nikamuuliza.

"Bibi, mkono uliochoka unakata sikio."

"Dakika kumi tu," akasema Volti. "Matroni anaangalia, anaridhika, anaondoka. Kichwa hakiozi."

"Chenyewe ni cha karani wa mahakama."

"Basi amezoea kusubiri."

Kinyozi akaguna, akaingia ndani, akatoka ameikumbatia betri kama mtoto aliyelala. Volti akaiweka chini ya kiti cha abiria, waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Mimi nikatoa kitambaa changu cha kushikia birika, ikabanwa isigongegonge.

Saa nne kamili Matroni akafika, viatu vyeupe, saa imening'inia kifuani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akamtazama dereva. "Washa."

Stata ikalia mara tatu. Gari likatetemeka mpaka milango. Kioo hakikupepesa. Ramani ilibaki pale pale, na mto wake wa buluu. Volti akainamisha uso kama baba wa bibi harusi.

Matroni akaandika jina la zahanati kwa kidole. Sauti ikasema: "Baada ya mita mia mbili, pinda kushoto."

"Ni kushoto kweli," akasema Matroni. "Mwenzako alikuwa anauliza wachunga mbuzi." Akaingia, akajifunga mkanda. "Chanjo ziko tayari kwenye barafu. Tuzichukue, twende zahanati ya mwisho kabisa. Tukifika, kazi ni yako."

"Sasa hivi, mama?"

"Barafu inangoja mtu?"

Mwendopole akamtazama Kinyozi. Kinyozi akaitazama ile betri chini ya kiti cha Matroni. Kisha akausukuma mlango wa gari polepole mpaka ukajifunga.

"Nenda, ndugu yangu. Nenda kabla sijapata akili."

Teksi ikaondoka, ikapinda kushoto kama ilivyoambiwa.

"Kwenda na kurudi ni muda gani?" nikauliza.

"Dereva mwingine, mchana," akasema Volti. "Huyu, jioni."

Ndipo karani akatoka kibandani, shuka shingoni, upande wa kulia unang'aa kama yai, upande wa kushoto msitu mtupu.

"Vipi, umeme?"

"Umepelekwa zahanati, mheshimiwa." Kinyozi akapangusa benchi kwa kiganja. "Kaa hapa, bega la kulia lielekee sokoni. Wanaotoka sokoni watauona upande uliokwisha."

Karani akakaa, akajiweka sawa, akafikiri.

"Na wanaokwenda sokoni?"

"Wakija hao," akasema Kinyozi, "unageuka."