Tundu la Kaharabu

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu ameweka drili chini. Miaka yote ametoboa shanga za kaharabu, ule utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe la rangi ya asali. Siku hizi mikono inamtetemeka, na leo ncha imeteleza ikakwaruza kazi ya mteja. Kuna bonge aliloachiwa na marehemu mama yake, anataka kumtengenezea binti yetu mkufu. Amesema Ijumaa atamwomba fundi saa, jirani yetu, alitoboe. Fundi saa! Eti mikono yake haitikisiki hata akipiga chafya. Na mimi mume je? Nitajifunza kwa siri.

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu kaenda kliniki. Nikajifungia stoo na ushanga mdogo. Masharti yake nayajua, nayasikia kila siku: drili iende polepole, ncha ichovywe majini, uichomoe mara kwa mara itoe unga, usikandamize, uvae miwani na barakoa. Nikaona hayo ni ya wanaoanza. Miwani tu nilivaa. Nikaweka kasi ya mwisho.

Kaharabu ikapata moto, ikalainika kama nta, ikang'ang'ania ncha, ikapasuka. Kipande kikanipata shavuni. Nilikohoa unga mpaka machozi.

Aliporudi alisimama mlangoni akinusa. Akasema nyumba inanukia msonobari. Nikasema nimebadilisha sabuni. Akalitazama shavu langu, akaleta pamba, akanipangusa bila kuuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Alhamisi, 7 Machi

Fundi saa kapita kuliona jiwe. Kamwita mke wangu shemeji kila baada ya pumzi. Kalipokea jiwe kwa viganja viwili kama anayepewa mtoto mchanga, akasema kitu, mke wangu akacheka. Sijamchekesha hivyo siku nyingi.

Mpango mpya. Bila ile ncha nyembamba hakuna kutoboa. Nimeitia mfuko wa nyuma wa suruali. Mjini akili.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi saa kaja amenyoa, ananukia. Ncha haionekani. Nikasaidia kuitafuta, tena kwa bidii kuliko wote. Mke wangu akasema nimechoka, niketi. Nikaketi.

Ncha ikapatikana.

Mke wangu aliichomoa mwenyewe, akanibandika plasta. Akaichemsha, akaifunga kwenye drili, akamsogezea fundi saa jiwe. Fundi saa akalirudisha taratibu.

"Shemeji, saa ya mtu nikiiharibu nitamnunulia nyingine. Hili la marehemu mama yako, sithubutu."

Mtu niliyemchukia wiki nzima, kumbe ana moyo. Mke wangu akavaa miwani na barakoa, nami akanipa zangu.

"Baba watoto, njoo unishike mikono."

Nikasimama nyuma yake. Kuketi kulikuwa hakuwezekani. Nikavishika vifundo vya mikono yake. Fundi saa akashika bakuli la maji. Polepole: nusu upande huu, tukaligeuza, nusu upande ule, lisije likapasuka ncha inapotokea. Sijui mikono ya nani ilitulia kwanza. Matundu yakakutana katikati. Akapitisha uzi, kisha akaegemeza kisogo kifuani mwangu. Fundi saa akageuka, akaanza kukagua saa yetu ya ukutani, ambayo haina ubaya wowote.

Jumapili, 10 Machi

Binti yetu alikuja na rafiki yake. Alivaa mkufu akalia, mama yake akalia, mimi nikaenda kutazama kitu uani. Rafiki akanifuata huko, akauliza kama tunatoboa lulu pia. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yetu hasa. Kaniachia zake.

Mke wangu kajilaza baada ya chakula cha mchana. Mikono yake ikilala haitetemeki. Nimeushika mmoja hata hivyo, ndiyo sababu mwandiko huu umekwenda upande. Akiamka sitamwambia habari za lulu, nataka kumshtukiza. Nimezigonga kidogo kwa ukucha. Ni ngumu kuliko kaharabu. Hizi sasa zitataka kasi.