Kampuni Isiyo na Moshi

Jumatatu, 3 Februari 2025
Meneja wa kampuni ya maziwa ya ngamia, Bwana Abdikarim, amekuja shuleni. Kampuni inayotunza mazingira haifi, alisema. Wafanyakazi wote wamepewa mashati ya kijani. Mwanafunzi mwenye wazo bora atalipiwa karo hadi amalize shule. Lorna wa darasa letu akainua mkono: tupande miti langoni mwa kampuni. Miti tena. Wazo langu halihitaji hata maji.

Jumanne, 4 Februari
Wazo ni kuondoa moshi. Mama huosha mitungi ya kampuni, kisha huifukiza moshi kwa kijinga cha moto, kama nyanya alivyofukiza vibuyu. Hurudi macho mekundu, akikohoa. Nitaokoa hewa na mama pamoja. Sijamwambia. Nataka afurahi ghafla.

Ijumaa, 7 Februari
Nimeshinda! Moshi umepigwa marufuku. Miche ya Lorna imeliwa na mbuzi. Nilimpa pole kwa moyo safi, karibu wote. Mama hakufurahi. Alisema moshi ndio hufikisha maziwa Nairobi. Nilimweleza kwamba ni lori. Akauliza kama walimu wangu wamewahi kunywa maziwa.

Jumatano, 12 Februari
Maziwa yamechachia njiani. Machache yaliyofika salama yamekataliwa na wateja: hayanuki moshi, basi si ya ngamia. Racho, anayeyaleta kutoka Merti, alisimama langoni akamuuliza meneja, wewe Abdikarim, mama yako alikulea kwa maziwa ya pakiti? Mashati ya kijani yakatikisika kwa kicheko. Meneja alisema wateja wataelimishwa. Jibu zuri sana.

Jumatatu, 24 Februari
Ramadhani inakaribia, kila mtu anatafuta maziwa, na kampuni imefungwa. Karo yangu imekwenda nayo. Lorna amenipa pole kwa moyo safi wote. Inauma zaidi. Mama alirudi na mtungi mmoja mtupu. Aliufungua, akaunusa, akaufunga.

Alhamisi, 27 Februari
Mama na Racho sasa wanachoma makaa huko Burat. Mama anakohoa kuliko zamani na haongei nami sana. Baada ya masomo nilichungulia lango la kampuni. Hakuna moshi, hakuna takataka, hakuna lori. Hewa safi kabisa. Kumbe wazo langu lilifaulu, ni watu tu wanaokosekana. Nimepata nguvu. Nimeanza kufikiria namna ya kuwaondolea mama na Racho yale makaa. Sitamwambia mama mapema. Nataka afurahi ghafla.