Tanga Lililonyooka Kuliko Yote Likakataliwa

Ndugu Mwalimu wa Matanga,

Pokea salamu zangu, na kama umesimama tafadhali kaa, maana nimeandika pande zote mbili za karatasi. Mimi ni mama wa yule binti mrefu uliyemkata Jumamosi kwenye orodha ya wanne watakaokwenda kwenye mashindano ya kuteleza majini kwa ubao na tanga. Ni kitinda mimba wangu. Alitembea akiwa na miezi tisa, na alipokuwa darasa la tatu alikuwa akisahihisha hesabu za kaka zake bila kuombwa. Sijisifu, majirani wanajua. Nasikia orodha unaifunga Ijumaa, kwa hiyo naenda moja kwa moja kwenye shida yangu.

Shule niliishia la saba, lakini kitambaa nakijua. Mwaka huu natimiza miaka ishirini na sita nikivalisha viti: vya ofisi, vya saluni, vya magari, hata kile cha daktari wa meno, ambacho watu wanakilalia kwa woga na kujinyonganyonga na hakijawahi kupata mkunjo. Ninapolalamika juu ya tanga, ujue analalamika mtu wa fani.

1. Ulegevu. Siku ile nilifika ufukweni mapema na wifi yangu, tumemletea binti chai. Tukakuta amekwisha kulifunga tanga lake na amekwenda kubadili nguo. Mwalimu, nilishtuka. Chini, kamba imevutwa mpaka mlingoti umepinda kama mgongo wa mtu anayefua. Juu, ukingo wa nyuma umelegea, unapepea kama shuka la mgonjwa. Kwangu mimi mtoto hatoki mlangoni hivyo. Nikatazama na ya wenzake, yote yamelegea juu vilevile. Mmoja akikosea ni bahati mbaya. Kumi na wawili wakikosea namna moja, huo ni mtaala.

2. Marekebisho. Sikuweza kukaa naangalia. Nililegeza ile kamba ya chini, inayolivuta tanga kuelekea mguu wa mlingoti, nikaifunga upya, kisha nikaikaza ile ya nyuma, inayolivuta kwenda kwenye ncha ya mti wa kushikia. Niliikaza nimekita goti mchangani, mpaka ukingo wote ukanyooka. Nilipolipiga kwa kidole lililia. Wifi ni shahidi, alisema, “Wifi, hapo hata nzi akitua anateleza.” Kwa uaminifu naongeza kwamba kulitokea mikunjo michache kando ya mlingoti, lakini ni upande ambao watazamaji hawakai. Mara filimbi ikalia, binti akaja mbio, akanyakua vitu vyake akaingia majini. Hata chai hakunywa.

3. Upepo. Alianguka mara tisa, nilihesabu. Kila upepo ulipokuja kwa nguvu, matanga ya wenzake yalijifungua kule juu yakauacha upite. La kwake liliushika wote. Sasa hapa naomba tuelewane. Kazi ya tanga ni kushika upepo. Lake lilishika wote, ya wenzake yakaachia nusu. Kwa hesabu hiyo ni yeye peke yake aliyekuwa na tanga siku ile, wengine walikuwa na madirisha. Na kama alikuwa anatupwa majini, ni kwa sababu tanga lilikuwa linafanya kazi kupita kiasi. Sijawahi kusikia mtu amefukuzwa kazi kwa kosa hilo.

4. Kuporwa kazi yangu. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Alipotoka majini, wa mwisho, ulisimama mbele ya watu wote ukauliza ni nani aliyefunga tanga hili. Mimi nilikuwa nyuma ya rafu mnazowekea mbao, nafunga chupa ya chai, nikajitengeneza kanga nisogee mbele, maana nilijua ni pongezi. Binti yangu akanitupia jicho moja tu. Akasema, “Mimi, mwalimu.” Ukamwambia asiyejua kufunga tanga hapelekwi popote, ukakata jina lake pale pale. Basi aliyekosewa hapo ni mimi. Kazi ya mikono yangu, mtu kaichukua mchana kweupe. Simlaumu sana, kitu kizuri kila mtu anataka kiitwe chake, lakini njia nzima ya kurudi sikuombwa radhi. Nilipomuuliza alisema, “Mama, acha tu, yameisha,” akanipokea kikapu. Na tanga lenyewe nasikia umeliacha stoo vilevile lilivyo, wanafunzi wapya wanapelekwa kulitazama. Kama ni baya, mbona linafundishiwa?

Kwa hayo yote naomba, kwanza, uteuzi urudiwe, na safari hii unadhifu wa tanga uwe na alama zake. Pili, wewe na wasaidizi wako mje kwenye kibanda changu wiki mbili mjifunze kukaza kitambaa. Mje na mikasi yenu. Tatu, niteuliwe Mkaguzi wa Matanga, asiingie mtu majini kabla sijalipiga la kwake kwa kidole. Nne, nikishateuliwa, ukaguzi wangu ufike kwenye mapazia ya ofisi yako, ambayo nimeyaona, na kwenye bendera ya klabu, ambayo haijatulia tangu niijue.

Nisalimie mlinzi wa geti aliyenipisha bila maswali, mama wa jikoni, na vijana wote wanne uliowachagua. Hata yule aliyepata nafasi ya binti yangu msalimie sana. Hana kosa, yeye mama yake hakuja siku ile.

Ni mimi mwenye uchungu lakini mwenye adabu,
Fundi Viti, mama wa binti mrefu.

Nyongeza: Barua hii nimeileta kwa mkono, nikakuta ofisi imefungwa, nikakaa karibu na maji kukungoja. Binti yangu alikuwa kwenye mazoezi, na tanga la kuazima. Amelilegeza kule juu vilevile. Ukaja upepo mkubwa, nikafumba macho. Nilipofumbua hakuwa pale. Alikuwa kule mbali kabisa, amesimama wima, na aliporudi nywele hazijalowa. Kwa hiyo namba moja mpaka tatu naomba uzipige mstari, pamoja na maombi yangu yote, isipokuwa la mapazia. Namba nne isome tena polepole, kama nilivyoisoma mimi nikiwa nimekaa pale. Yeye hajui kwamba nimeandika, na ukimuuliza atakuambia ni yeye, kwa hiyo usimuulize. Nenda stoo uangalie kamba ya chini ilivyofungwa. Fundo lile lina mizunguko minne na mkia umefichwa ndani. Ni fundo la viti. Nimemfundisha tangu ana miaka kumi, na mpaka leo hajaliweza.