Kichwa cha Meneja

Alhamisi, 12 Septemba

Nimefika. Hoteli iko ng'ambo ya uwanja wa tamasha. Chumba changu kiko ghorofa ya pili, dirisha linatazama jukwaa moja kwa moja. Nilikichagua kwa makusudi. Mtu anayekwenda vitani alale mahali anapomwona adui.

Adui kalala chumba kinachofuata changu! Kati yetu ukuta mmoja, tena mwembamba. Nasikia anavyopiga chafya.

Huyu ni Poda, kinyozi wa mtaa wa juu. Ameitwa hivyo kwa sababu humwagia wateja poda shingoni mpaka wanatoka kama waliolala kwenye mashine ya unga. Hoteli zimejaa tele mji huu. Kwa nini hii? Kwa nini chumba hicho? Mpokezi alisema ndicho kilichobaki. Ndivyo wangesema.

Tumekutana kwenye ngazi. Akaniambia shikamoo kaka. Poda kanizidi umri! Mtu mzima akimwamkia mdogo wake, ana jambo. Sikuitika marahaba. Nilikohoa.

Niandike mambo yalivyo kabla hasira haijanichanganya. Keshokutwa ni shindano la vinyozi, jukwaani, mbele ya mji mzima. Nimeshiriki mwaka juzi: waamuzi walihongwa. Nimeshiriki mwaka jana: upepo. Duka ninalofanyia kazi ni la mke wangu, alirithi kwa marehemu baba yake. Lina viti viwili. Cha dirishani ndicho baba mkwe alichokalishia wateja maisha yake yote. Anayenyolea hapo ndiye kinyozi. Cha nyuma kiko karibu na sinki. Anayenyolea hapo ni msaidizi, aseme asemavyo. Poda ameomba kupangisha kiti dukani. Mke wangu kasema nikishinda, Poda akae na sinki lake. Nikishindwa tena, sinki ni langu. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mume wake. Akasema baba aliacha kiti kwa anayejua kunyoa, hakutaja mkwe.

Nimekuja na shemeji, mdogo wa kiume wa mke wangu. Yeye ndiye kichwa changu. Sisi vinyozi hatusemi mteja, tunasema kichwa: leo nimekata vichwa vingi, leo sikupata kichwa. Nywele za shemeji hazijaguswa tangu mvua zilipoanza. Zimesimama vizuri. Ila leo, chini ya taa ya lifti, nimegundua ana kichwa chenye kona.

Kona! Na nimelala naye nyumba moja miaka yote hii.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimepata kichwa!

Ni cha meneja wa hoteli. Mviringo kama yai la bata, nywele nzito, mvi kidogo tu za heshima pembeni. Mji mzima unamfahamu. Waamuzi wawili wanakula hapa hapa na wanamwita bosi. Ukimpandisha mtu wa namna hiyo jukwaani, makofi yanaanza kabla ya mkasi.

Nikampigia mke wangu pale pale kwenye korido. Nikifurahi, sauti yangu hupanda. Nilimwambia hivi: "Kichwa cha mdogo wako sikitaki tena, nakitaka cha meneja. Nitakikata kesho saa nne, hadharani. Mwenyewe hajui bado. Nitamtokea kwa nyuma, shemeji atanisaidia na shuka. Wembe nimeshaunoa." Mke wangu alisema, haya, ila usitutie aibu. Nilipogeuka, mama wa usafi alikuwa nyuma yangu, ameshika ufagio kama mkuki. Nikamsalimia. Hakuitika. Adabu zimekwisha duniani.

Tangu hapo hoteli imegeuka.

Chakula cha mchana: kila mtu kapewa kisu na uma, mimi kijiko. Nikaomba kisu. Mhudumu akasema visu vimekwisha, na huku ameshika kimoja. Nilipambana na kuku kwa kijiko mpaka akaruka meza ya pili. Mlinzi wa getini kahamia kwenye korido yangu, anasoma gazeti lililopinduliwa. Mpokezi kaniuliza naondoka lini, halafu kwa upole kaniuliza kama nyumbani nina mtu wa kuzungumza naye mawazo yakinizidi. Meneja mwenyewe katoweka. Ofisini walisema kasafiri. Nikamwona kutoka dirishani akipita mlango wa jikoni, anakimbia, mikono yote miwili kichwani.

Kichwani! Basi anajua ninachokitaka. Nani kamwambia?

Poda. Nani mwingine? Kawaweka wote mfukoni, kuanzia meneja mpaka mwenye visu. Na ushahidi ninao: asubuhi shemeji alikula meza moja na Poda, wanacheka. Nilimwuliza walizungumza nini. Akasema, "Mayai, shem." Nilimtazama sana. Akaongeza kwamba yalikuwa mabichi kidogo. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kinakula mayai.

Kwa hiyo nimechukua hatua. Alasiri Poda alitoka kutazama bendi akaacha mlango wake wazi. Mtu asiye na hila hufunga mlango. Mlinzi alikuwa ameenda kunywa chai. Nikaingia. Mashine yake ya kunyolea ilikuwa juu ya kitanda, imepakwa mafuta, imelazwa kwenye taulo kama mtoto mchanga. Sasa, kinachozuia chuma cha mashine kisifike kwenye ngozi ni kifuniko cha plastiki chenye meno, na kifuniko hicho kinashikwa na kijino kimoja nyuma. Nilikichonga kijino kwa tupa ya kucha. Kwa macho huoni kitu. Ukikandamiza kichwani, kifuniko kinadondoka na chuma kinaendelea na safari peke yake.

Sijaharibu mali ya mtu. Nimepunguza tu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga. Poda ajiangalie.

Jumamosi, 14 Septemba

Kalamu imetoboa karatasi. Ni hasira, si woga.

Asubuhi nilishuka na mkoba wangu na shuka jeupe, shemeji nyuma yangu kama akiba. Meneja alikuwa ameegemea meza ya mapokezi, mgongo kwangu. Bahati iliyoje! Nikamwendea kwa nyayo laini. Siri ya kazi yetu ni hii: mtu ukishamfunika shuka, hakatai tena. Nikamfunika.

Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mwanamume wa cheo chake. Mlinzi akanirukia. Wageni wawili waliokuwa wanakunywa chai tangu alfajiri wakasimama, kumbe ni askari. Nikajikuta kwenye chumba cha kufulia nguo, nimekalishwa juu ya ndoo.

Walimwaga mkoba wangu. Nyembe, mikasi, burashi, jiwe la shabu la kukausha damu mteja akikatwa. Askari mdogo alilishuku lile jiwe akalilamba. Uso ukamkunjamana kama barua iliyotupwa.

Askari mkubwa aliuliza kama ni kweli nilisema nakitaka kichwa cha meneja. Nikasema ndiyo. Mbele za watu? Ndiyo, saa nne, waamuzi watakuwepo. Meneja akakaa chini, juu ya rundo la mashuka machafu. Askari akauliza kama nilishawahi kukata vichwa vingine. Sipendi kujisifu. Nilisema idadi siikumbuki, lakini sikukuu zikikaribia hupanga foleni wenyewe, na watoto nawakata huku mama zao wamewashika.

Hapo ndipo walipotoa pingu.

Na nje bendi imeanza! Kipaza sauti kinawaita vinyozi jukwaani! Nikatazama huku na huku, shemeji hayupo. Kanikimbia. Nikasema moyoni, ndiyo damu ya ukoo ule.

Akarudi na Poda. Poda alikuwa ameshavaa vazi la kazi, kitana kimechomekwa nyweleni. Akauliza kuna nini. Wakamweleza, na meneja akaongezea sehemu ya shuka. Poda alicheka mpaka akaishikilia mashine ya kufulia. Halafu akasema, "Afande, huyu ni kinyozi mwenzangu. Kwetu kichwa ni mteja! Hata mimi nina kichwa changu jukwaani pale, kinanisubiri, kizima na miguu yake."

Mama wa usafi akaweka ufagio chini.

Askari mkubwa akaniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo. Nikamjibu hakuniuliza kazi yangu, aliniuliza vichwa vyangu.

Wakanifungua. Mkoba, hapana: ulikuwa umeshafungiwa kwenye gari lao, na dereva mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kucheza muziki. Nilimgeukia meneja, nikamwomba kichwa kwa adabu zote. Akasema kwa heshima zote, kichwa anakihitaji. Nikabaki na shemeji na kona yake.

Tukakimbia. Pale kwenye ngazi za jukwaa Poda akanitia mashine yake mkononi. "Chukua, kaka. Huwezi kunyoa kwa vidole. Mimi mkasi na kitana vinanitosha."

Mtego! Nikaikagua. Waya, mzima. Chuma, safi. Nikainusa. Nikaiweka sikioni. Haikuwa na hila hata moja. Niseme tu kwamba nilikagua hila zake zote. Zangu sikuzikagua.

Nikaanzia kwenye paji la uso, mkono mzito, wa uhakika. Kikasikika kitu: tak! Kifuniko kikaangukia kiatu cha mwamuzi. Mashine ikafika utosini kabla sijaizuia. Barabara nyeupe, nyofu, ingeweza kupitisha lori.

Shemeji akauliza, "Shem, mbona nasikia upepo?"

Nikasawazisha kushoto. Kulia kukazidi. Nikasawazisha kulia. Mwishowe haikubaki nywele ya kusawazishia. Ikabaki kona, inang'aa juani. Mtangazaji akasema kinyozi wetu wa mwisho amechagua mtindo wa sanduku.

Na Poda? Mkasi na kitana, chwi-chwi-chwi, taratibu, kama marehemu baba mkwe alivyokuwa akinyoa. Wazee wa safu ya mbele walisimama mmoja mmoja. Mwamuzi mmoja alifuta macho. Poda alishinda kabla hajampangusa mteja shingo. Akamwaga poda.

Jumapili, 15 Septemba

Kifungua kinywa: nimewekewa visu viwili. Meneja kaniaga akiwa ng'ambo ya meza, kofia kichwani.

Poda alikuja kuchukua mashine yake. Akakiona kijino. Akakishika kwenye mwanga, akatikisa kichwa. Akasema, "Nisamehe, kaka. Bila shaka kilikatika njiani. Ningeikagua kabla ya kukupa. Nimekuaibisha mbele ya watu." Macho yalikuwa yamemlowa. Mwigizaji wa kiwango hicho sijapata kuona!

Shemeji aliniuliza kama na mimi sina la kumwambia Poda. Nikamwambia avae kofia.

Nilimpigia mke wangu. Kumbe habari zilishafika. Akasema bomba la sinki halivuji tena, amelitengeneza juzi. Juzi! Kabla ya shindano! Halafu akakata simu.

Jumatano, 18 Septemba

Nipo kwenye sinki. Siyo pabaya kama wanavyodhani watu. Napata maji kwanza.

Poda yuko dirishani. Kila asubuhi shikamoo kaka. Foleni yake inafika barabarani, na kila akizidiwa ananisogezea mtu: "Kaka, nisaidie kichwa hiki." Ananigawia vichwa vyake! Mke wangu anasema huyo ndiye binadamu. Mimi natabasamu tu. Mke wangu hajui ninayoyajua.

Kwa sababu nimeketi nikafikiri, na sasa naona yote. Nani humwazima mpinzani mashine yake? Mtu anayejua ni mbovu. Alijuaje ni mbovu? Kwa sababu nilimharibia. Na kwa nini nilimharibia? Kwa sababu aliacha mlango wazi! Alitaka niingie. Kisima alichimba yeye, kwa tupa yangu. Nilipomweleza shemeji, alinitazama sana, kisha akaomba kuhamia kwa shangazi yake.

Lakini mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Nimeshatia. Nimenunua mashine mpya, sawasawa na ya Poda, na leo asubuhi nimekichonga kijino chake, kazi safi, hata mimi mwenyewe sioni tofauti. Mwakani tukifika jukwaani nitamwazima mimi, kwa upole, nimwite kaka. Na hoteli nimeshaipigia. Nilisema nataka chumba kile kile, na safari hii nitamwandalia meneja barua mapema kuhusu kichwa chake. Mpokezi alikata simu. Poda kanitangulia kuwapigia.

Siandiki zaidi, naitwa. Poda kazidiwa, kaniletea kichwa kizuri: kijana mtanashati, anaoa keshokutwa, anataka kupunguza kidogo tu juu. Mashine zote mbili, ya Poda iliyotiwa kijino kipya na ile yangu mpya, ziko hapa ukingoni mwa sinki. Nachukua hii iliyo karibu.