Siku ya Kufungua Mashine

Jumatatu, 3 Juni

Fundi Bonaventure ameitukana pikipiki yangu. Mbele ya watu! Alibonyeza kiki, kile chuma cha kuwashia, kwa mkono. Mkono mmoja, wa pili umeshika muhogo. Kiki ikashuka bila ubishi. Akasema pikipiki nzima humrudisha mtu juu anapoikanyaga, hii yangu inapiga magoti. Segma zimekwisha, zile pete zinazozunguka pistoni. Eti nifungue mashine sasa, ni kazi ya asubuhi moja. Nikingoja, segma itavunjika na kukwangua silinda, halafu silinda itapanda boti kwenda Uvira kuchongwa upya. Aliniita "mukubwa", kwa ile heshima ya mtu anayetafuta kazi.

Pikipiki yangu ni ya zamani, ya milima, ya deux temps, zile ambazo oili unaichanganya ndani ya esansi, yaani petroli. Ilipanda milima ya Bibokoboko wakati wa matope, Bonaventure akiwa bado hajui bisibisi. Haitafunguliwa kwa neno la mla muhogo.

Nimeweka kanuni. Mashine itafunguliwa siku itakaposhindwa kupanda mlima wa Fizi ikiwa na Mama Rehema na vikapu vyake vya samaki. Basi. Hakuna kubahatisha.

Mama Rehema ndiye mteja wangu wa kudumu. Ndiye peke yake pia. Ketsia, mke wangu, ameapa kwamba Mama Rehema akiniacha, pikipiki inauzwa na mimi nakwenda Lulimba kuchimba dhahabu na kaka yake. Kaka yake! Mtu anayekoroma akiwa amesimama.

Jumanne, 4 Juni

Nimetafuta maoni ya pili. Fundi Lionel hakugusa hata buji, ile plagi. Alikuwa ng'ambo ya barabara, akaniambia nisisumbuke kuvuka, ameshaisikia. Segma.

Maoni ya tatu: Jérémie, anayetengeneza redio. Akasikiliza kwa makini, macho yamefungwa. Akasema chuma huchoka, chuma hupumzika, mashine haifunguliwi ovyo. Hatimaye mtaalamu!

Jumatano, 5 Juni

Tatizo dogo. Mashine ikipata moto haiwaki kwa kiki. Inataka kuteremshwa mahali penye mteremko, kisha unaachia klachi. Na Baraka huku kwetu ziwani ni tambarare kama meza. Mteremko ni mmoja tu katika mtaa mzima: lundo la udongo mbele ya lango la Mahmudu.

Mahmudu! Mwenye pikipiki mpya inayowaka kwa kidole. Anayemsalimia Mama Rehema kwa sauti tamu kila siku ya soko.

Nikaenda kumwamkia. Alishangaa, akaniuliza tangu lini. Nikamwambia majirani wasipotembeleana mtaa unakufa. Mkewe Bushira alileta chai na mandazi. Nikala matatu ili ziara ionekane ya kweli. Kisha nikasukuma pikipiki juu ya lundo, eti napenda kutazama ziwa kutoka pale, nikateremka. Ikawaka mara ya tatu. Nyuma yangu Bushira alikuwa kimya sana. Sipendi mwanamke anayekaa kimya akikutazama.

Alhamisi, 6 Juni

Mlima wa Fizi. Kona ya kwanza, sawa. Kona ya pili mashine ikaanza kulia. Nikamwomba Mama Rehema ashuke kidogo, anyooshe miguu. Kona ya tatu nikashuka mimi pia.

Alisukuma vizuri, lazima niseme. Lakini mdomo! "Baba Divine, mi niko abiria ao niko wa kusukuma?" Bamama waliokuwa wanashuka na mihogo wakasimama kucheka. Mmoja akauliza kama wameoana, yaani Mama Rehema na pikipiki, kwa vile anavyoikumbatia.

Nimeisoma upya kanuni. Inasema "ikiwa na Mama Rehema na vikapu". Mama Rehema alifika. Vikapu vilifika. Pikipiki ilifika. Wote walikuwa pamoja. Haijasema nani amemkalia nani. Mashine imefaulu.

Jumamosi, 8 Juni

Jérémie ana dawa. Niongeze oili, mara mbili ya kawaida. Oili nzito itaziba nafasi ambayo segma zimeacha. Rahisi hivyo! Na mafundi wanataka kunifungulia mashine. Wezi.

Nimejaribu. Kiki imekuwa ngumu kidogo. Moshi upo, ndiyo. Ketsia ameanua nguo mara mbili na kuniuliza kama nachoma matofali.

Jumatatu, 10 Juni

Tulipanda. Mama Rehema hakushuka hata kona moja! Ilikuwa taratibu, mbuzi mmoja alitupita, lakini tulipanda.

Shukrani sikupata. Vikapu hukaa nyuma, juu ya bomba la moshi. Mama Rehema alitoka Baraka na mikeke, samaki wetu wa ziwani, mibichi ya alfajiri, akafika sokoni Fizi na mikeke myeusi yenye harufu ya esansi. Wateja walinusa wakaondoka. Mmoja alimuuliza samaki hawa walivuliwa katika tangi gani. Nikamshauri awauze kama samaki wa moshi. Hakucheka.

Tuliporudi Baraka aliniambia Alhamisi ni mara ya mwisho. Akitembea, au samaki wakivuta moshi tena, anahamia kwa Mahmudu. Nimeiona Lulimba mbele ya macho yangu. Nimesikia hata kukoroma.

Jumatano, 12 Juni

Balaa. Mahmudu anataka kulisawazisha lile lundo, ajenge ukuta. Nilipinga kwa nguvu zote. Nikasema lundo linazuia maji ya mvua. Akasema ni kiangazi. Nikasema linapendeza. Akaguswa, masikini, akaanza kusema hakujua kama naijali nyumba yake hivyo.

Ndipo Bushira akafungua mdomo. "We Mahmudu, huyu hakuji kwako. Anakuja kwa udongo. Pikipiki yake iko mgonjwa, haiwake bila mteremko."

Mahmudu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafanya jambo baya kuliko kucheka: alinihurumia. Akasema nimpelekee Bonaventure pikipiki leo hii, kesho yeye atampandisha Mama Rehema kwa niaba yangu, halafu anirudishie mteja wangu. Akaapa.

Nani anaamini mambo kama hayo? Nikamwambia mashine yangu ni nzima. Nikaondoka nikisukuma.

Alhamisi, 13 Juni

Kona ya pili. Sauti kama sufuria iliyoanguka jikoni. Kisha gurudumu la nyuma likakwama, tukateleza, tukasimama. Kiki haikushuka tena. Nilisimama juu yake kwa miguu yote miwili. Nikamwambia Mama Rehema: unaona ilivyo na nguvu!

Mahmudu alipita. Alifunga vikapu, akampakia Mama Rehema, wakaenda. Mimi nilirudi Baraka kwa miguu, nimeminya klachi, nikiishikilia pikipiki isinitangulie.

Bonaventure amefungua. Segma imevunjika vipande, silinda imekwanguliwa kama ubao wa kukatia nyama. Inakwenda Uvira. Hakusema "nilikuambia". Alikata muhogo, akanipa nusu. Nimechukia zaidi.

Jumapili, 30 Juni

Silinda imerudi. Pistoni mpya, segma mpya. Inawaka kwa kiki ya kwanza! Bonaventure ameagiza: mwezi mzima niende polepole, mzigo mwepesi, mashine ijizoeze. Zaidi ya yote, nisishindane na mtu mlimani.

Ketsia alikuwa ameshampigia simu kaka yake. Lakini Mahmudu alikuja mwenyewe na Mama Rehema, akamrudisha kama alivyoapa. Mama Rehema amekubali kunijaribu safari moja. Sijui Mahmudu anapanga nini.

Alhamisi, 4 Julai

Sasa najua. Mahmudu alikuwa chini ya mlima amembeba abiria, akanipungia mkono na kusema "Polepole, ndugu yangu." Polepole! Mbele ya Mama Rehema!

Nilifika Fizi wa kwanza. Mama Rehema juu, vikapu juu, samaki wabichi.

Kuna kasauti kadogo kameanza upande wa kulia, kama kijiko ndani ya kikombe. Bonaventure hahitaji kujua. Nimeweka kanuni: kasauti kakimsumbua abiria, mashine inafunguliwa siku hiyo hiyo. Njiani kurudi Mama Rehema aliniuliza kengele ni ya nini.

Nikaazima palepale njiani kofia ya pikipiki ya dereva mmoja, ile nene inayofunika masikio, nikamvika. Hakusikia chochote mpaka Baraka. Mashine ni nzima kabisa.