Darasa la Uzazi kwa Wanaume wa Mitwero

Jumatatu, 4 Septemba 1905. Mitwero.
Nimefukuzwa kama mbuzi! Bi Ziada mkunga huwakusanya wajawazito barazani kwake, akawafundisha kupumua, kula na kusukuma. Mke wangu Mwahija hakosi hata siku moja. Mimba ya kwanza, mwezi wa tisa. Leo nilijibanza nyuma ya ua wa makuti nisikilize kidogo tu. Nikapiga chafya. Bi Ziada akanimwagia maji aliyonawia. Wanawake wote walicheka, na Mwahija akawazidi. Imeniuma.

Nitafungua darasa langu, la waume. Mimi nimesoma skuli ya serikali!

Jumatano, 6 Septemba.
Wanafunzi watatu. Kibwana, mkewe atajifungua mwezi ujao. Rashidi mshona kofia, naye vivyo hivyo. Mzee Abdala, ambaye mkewe ana miaka sitini, amefuata kahawa. Nilimfunga Kibwana gunia la mtama tumboni, nikamwamuru asukume. Gunia likapasuka. Kuku wa jirani wamefaidi somo kuliko Rashidi.

Jioni Mwahija akaniuliza kwa upole kama nimejifungua salama. Kafundishwa na Bi Ziada huyo! Nikaapa radhi yangu haipati. Uchungu ukimzidi mwanamke, mumewe humsamehe yote kwa kinywa chake, ndipo mtoto apate njia. Ndivyo tulivyolelewa. Basi aniombe kwanza. Amesema hana haraka.

Ijumaa, 8 Septemba.
Kombe! Nimeandika aya kwa zafarani kwenye sahani, nikaziosha, maji yake nikayatia kwenye vichupa. Kila mume atavaa chake shingoni, uchungu ukianza mkewe anywe papo hapo. Bi Ziada hana vichupa.

Rashidi kanong'ona kwamba bara watu wanapigana na Wajerumani kwa kuamini maji ya dawa, na askari wanapekua kila mtu. Kaomba tuvifiche kapuni. Nikamwambia mwalimu ni mimi. Kesho tutajifungia bandani, Bi Ziada asije akaiba somo.

Jumapili, 10 Septemba. Boma la Lindi.
Jana askari walivunja mlango wa banda, wakatukuta: wanaume wanne, tumejifungia, vichupa shingoni. Nilimweleza shaushi, mkubwa wa askari hao, kwamba maji ni ya uzazi. Akauliza nani kati yetu ana mimba. Mzee Abdala akaninyooshea kidole.

Tumefungwa mnyororo mmoja. Karatasi hii nimepewa na karani wa boma, tulisoma pamoja.

Jumatatu, 11 Septemba.
Mwahija ana uchungu tangu jana alfajiri. Mtoto hashuki. Bi Ziada amekuja kwa miguu mpaka dirishani, kapiga magoti mchangani, kaniomba nimtolee Mwahija radhi. Neno lilikuwa mdomoni kabisa.

Nikasema kwanza akiri mbele ya shaushi kwamba na mimi ni mwalimu. Akanitazama, akainuka, akaenda zake. Naogopa. Mbona hakunisihi mara ya pili?

Alhamisi, 14 Septemba. Mitwero.
Nimeachiwa! Karani alimwambia shaushi kwamba mimi ni mpumbavu tu, shaushi akaafiki mara moja. Rashidi na Mzee Abdala wametoka nami. Kibwana hapana. Amepelekwa bara kuwabebea askari mizigo, na hakuna ajuaye atarudi lini. Nimepita nyumbani kwake kwa njia ya nyuma, mkewe asinione.

Mtoto wa kike, mzima! Bi Ziada alimwambia Mwahija kwamba nimetoa radhi, tena nikilia. Mwahija akanishika mkono leo, akanishukuru. Hajawahi kunishika hivyo. Nilifurahi mno. Kisha nikaona si haki Bi Ziada asifiwe kwa uongo. Nikamweleza Mwahija ukweli wote.

Jumamosi, 16 Septemba.
Nyumba kimya. Jana baba yake Mwahija kaja, kamchukua yeye na mtoto. Sikuwahi hata kumpakata binti yangu. Jina lake silijui. Nimelia, nikajifuta kwa kofia mpaka imelowa.

Gunia nimelishona. Jumatatu darasa linaendelea, kama Rashidi atakuja. Somo jipya: mume atoe radhi mapema, asingoje kuombwa. Nimeliandika kwa hati nzuri na kulibandika mlangoni.

Radhi ya Mwahija ipo tayari. Aje tu aniombe.