Malalamiko Kuhusu Nafuu ya Mdogo Wangu Mseti

Felisian Werema,
Makoko, Musoma.

Mganga Mfawidhi,
Kliniki ya dawa ya methadoni,
Musoma.

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: NAFUU ILIYOPITILIZA

Habari za kazi. Mimi ni mkaushaji wa dagaa hapa Makoko, na ni kaka wa tumbo moja na mgonjwa wenu Mseti Werema, ambaye anakuja kwenu kila asubuhi kunywa dawa. Alirudi na uraibu wa unga kutoka Dar, alikokuwa utingo wa malori, na kwa miaka sita alitusumbua kwa kiwango ambacho familia ilishakizoea. Ninyi mmempa dawa miezi minane tu na mtu amekaa sawa, bila kutuuliza sisi wenye mtu tumejiandaaje. Naandika kwa heshima zote, na hoja zangu ni hizi.

1. Kuamka. Mseti anaamka kabla ya jogoo wa jirani, ananawa, anachana nywele na kuondoka kwa miguu kuwahi foleni yenu. Hajakosa hata siku moja, hata ile ya mvua ya mawe. Mimi niliyekuwa nikisifiwa mtaa mzima kwa uchapakazi, sasa nakutwa kitandani na mtu ambaye ameshakwenda na kurudi. Mke wangu Helena amelitaja jambo hili mara mbili.

2. Jina. Tunaelewa kwamba pale dirishani nesi Recho humpa mgonjwa kikombe, na akishakunywa humwambia ataje jina lake kamili, ili ahakikishe dawa imemezwa na haikufichwa mdomoni. Ni utaratibu mzuri kwa kliniki. Lakini Mseti amekuja nao nyumbani. Akimaliza chai anasema "Mseti Werema," ndipo anaweka kikombe mezani. Watoto wote wameshaiga. Juzi padri alikuja kutubarikia nyumba, akanywa uji, na binti yangu wa miaka minne akakataa kupokea kikombe mpaka padri ataje jina lake kamili. Alilitaja, na la ubatizo pia.

3. Maombi. Jumuiya yetu ilimwombea Mseti kila Alhamisi kwa miaka yote hiyo. Mwenyekiti wetu, mama Consolata, alikuwa na sala yake maalumu ya dakika ishirini, na machozi yalikuwa yanamtoka palepale alipopanga. Sasa hana pa kuipeleka. Tunamaliza mapema, na muda unaobaki watu wameanza kuulizia hali za wanaume wengine. Alhamisi iliyopita niliombewa mimi, na sikuwa nimeomba.

4. Upotevu. Zamani kitu kikipotea kwangu kazi ilikuwa ndogo. Sukari imeisha, ni Mseti. Panga halionekani, ni Mseti. Tulikula na kulala kwa amani. Sasa Mseti anageuza dagaa wangu juani kutwa nzima na hapungui hata mmoja, lakini vitu bado vinapotea, na tumelazimika kuchunguza. Imegundulika kwamba sukari huenda kwaya pamoja na Helena, panga lilikuwa chini ya kitanda changu, na redio niliisahau mwenyewe Bunda kwa shemeji. Familia haiwezi kuendelea hivi.

5. Daftari. Hili ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Mnasihi wenu amemshauri Mseti aorodheshe kila alichochukua akiwa kwenye unga, kisha aende akaombe msamaha. Basi Jumapili alikwenda Butiama kwa mama yetu, mzee Rhobi, ukoo ukakaa, naye akasimama na daftari. Alisoma birika, kuku wawili, chandarua, blanketi la mama, na hata sufuria ambayo hakuna aliyejua kama imepotea. Shangazi zetu walifuta machozi. Watu wote wakawa wanasubiri mashine ya boti.

Nieleze kwa kifupi. Mashine ya boti aliyotuachia marehemu baba ilipotea miaka minne iliyopita, na kwa ajili yake mama aliapa kwamba Mseti hatakanyaga ndani kwake mpaka aitaje. Ndiyo maana siku hiyo alisomea uani, na ndiyo maana hata hapa kwangu namlaza stoo ya nyavu, kwa kuheshimu kiapo hicho. Alifika mwisho wa orodha bila kuitaja. Mama akamuuliza kama amemaliza. Akajibu, "Nimemaliza, mama. Nilivyochukuaga ni hivyo tu." Mama akaingia ndani na kufunga mlango. Halafu ukoo mzima, kwa sababu ambazo mimi sizielewi, ukaanza kuniangalia mimi.

Kwa hiyo naomba mnipunguzie mzigo kwa njia mojawapo. Ama mumrudishe nyuma kidogo, walau mpaka Krismasi, watu wasahau. Ama, ikishindikana kitaalamu, mnasihi amwambie kwamba orodha haijakamilika, na aongeze humo mashine ya boti ya rangi ya bluu, katikati ya kuku na chandarua, ambapo haitaonekana sana. Mama atafungua mlango, yeye atalala ndani, na mimi nitapumua. Mtu aliyekwisha kukiri vitu thelathini na kimoja, kimoja zaidi hakitamwumiza.

Mnisalimie nesi Recho, mlinzi wa getini, yule dada wa mafaili na wote wanaosimama kwenye foleni, mvua na jua.

Ni mimi, nisiye na kinyongo na mtu,
Felisian Werema
(Katibu wa jumuiya)

N.B. Kwa kuwa Mseti ndiye anayekuja huko kila siku, nilimpa yeye barua hii ailete. Hatukuwa na gundi ya bahasha, kwa hiyo ameisoma. Akanirudishia akasema, "Kaka, kama itakusaidia, hiyo mashine nitaiandika tu. Siku ile nilikuwaga nimelala ndani ya boti, nikakuona unaifungua." Miaka minne alijua. Tulipomfukuza hakusema, maana nani angemwamini. Niliipeleka Buhemba nikabadilishana na hisa ya shimo la dhahabu, na shimo likatoa maji. Naona aibu kuliko ninavyoweza kuandika. Futeni namba moja hadi tano, na dawa yake msiiguse. Kesho nakuja naye kwenye foleni kabla sijakwenda Butiama. Akishakunywa, naomba nesi Recho aniite na mimi dirishani, aniulize jina langu kamili na nilichofanya, na asiniruhusu kuondoka mpaka nimekitamka. Nataka nijaribu kukisema hapo kwanza, ndipo nikagonge mlango wa mama.